Kusoma chuo California bila makaratasi: mwongozo kamili wa kupata ada ya mkazi na ufadhili wa jimbo

Kila Agosti simu yangu huanza kulia mapema. Kijana amemaliza sekondari, chuo kimemkubali, nyumbani wamejaza fomu ya ufadhili na wanasubiri majibu mema. Kisha bili inaingia, na kiasi kilichoandikwa hakilipiki.

Mwaka jana mama mmoja wa Tanga, anayekesha akitunza wazee majumbani, alinionyesha bili ya binti yake kwenye simu iliyopasuka kioo. Yuniti 12, yaani vipimo vya mzigo wa masomo. Mstari wa kwanza dola 552. Mstari wa chini yake ulipita dola 4,000, na ubavuni pake pameandikwa Nonresident Tuition, ada ya asiye mkazi. "Wametuadhibu kwa sababu hatuna makaratasi," akaniambia. Haikuwa adhabu. Hati moja ya kiapo, ya kujaza kwa dakika kumi, haikufika ofisi ya udahili.

Kosa hilo hujirudia kila mwaka, na limewatoa chuoni vijana wenye akili nyingi. Ndiyo maana nimeandika hatua zote hapa, moja baada ya nyingine, na sababu ya kila moja.

## Shika hili kabla ya yote

Ada na ufadhili ni mambo mawili, yenye fomu mbili, zinazokwenda ofisi mbili zisizozungumza sana.

Ada ya mkazi, yaani ada nafuu wanayolipa wakazi wa California, hupatikana kwa sheria inayoitwa AB 540. Fomu yake ni hati ya kiapo, na inapelekwa chuoni.

Ufadhili wa jimbo hupatikana kwa fomu ya Dream Act ya California, ifupishwayo CADAA. Hiyo inakwenda kwa tume ya jimbo ya misaada ya wanafunzi, CSAC.

Kujaza ya pili hakukupi ya kwanza. Ukitoka na neno moja tu katika mwongozo huu, toka na hilo.

## Unamhusu nani

Unamhusu aliyeingia kwa viza ikaisha muda, aliyevuka mpaka bila viza, anayesubiri majibu ya ombi la hifadhi, mwenye TPS (kinga ya muda kwa watu wa nchi zenye vita au maafa), na mwenye DACA (kinga ya muda kwa walioletwa Marekani wakiwa watoto). Wote hao hawapati pesa za serikali kuu ya Marekani kupitia FAFSA, fomu ya serikali hiyo ya kuomba ufadhili, ila California imewafungulia njia yake.

Wengi wa vijana wanaomaliza shule sasa hawana DACA wala hawataipata. Masharti yake yanadai uwe umeishi Marekani tangu Juni 2007, na maombi mapya yamekwama kwa amri ya mahakama tangu 2021. Usikubali mtu akwambie "subiri DACA kwanza". AB 540 haihitaji DACA.

Mwongozo huu haumhusu mwenye green card wala mkimbizi aliyeletwa rasmi. Ndugu zetu Wakongo waliotoka Nyarugusu au Kakuma wakapokewa San Diego kama wakimbizi hujaza FAFSA. Nimekutana na kijana wa namna hiyo aliyejaza CADAA kwa kumwiga rafiki yake, akaukosa mkopo na ruzuku ya serikali kuu aliyostahili mwaka mzima.

Na mwenye viza ya mwanafunzi F-1 au ya utalii B-2 ambayo bado ni hai hastahili AB 540. Viza ikishakwisha muda, mlango unafunguka. Wenye viza za T na U, zinazopewa waathirika wa usafirishaji haramu wa watu na wa uhalifu, wanaruhusiwa hata zikiwa hai.

Haya yote ni ya California. Texas ilikuwa na sheria kama hii tangu 2001, ikasimamishwa mahakamani Juni 2025. Florida iliifuta yake kuanzia Julai 2025. Kwa hiyo binamu yako wa Houston au Tampa asikuongoze kwa yaliyomkuta huko. Na California nayo ilishtakiwa na Wizara ya Sheria ya Marekani Novemba 2025, hivyo kabla ya kila muhula uliza ofisi ya wanafunzi wa Dream chuoni kwako kama kuna badiliko.

## Andaa haya kwanza

Tafuta bahasha moja ngumu. Weka ndani yake:

- Transkripti za shule zote ulizosoma California, tangu ya msingi kama zipo.
- Cheti cha kumaliza sekondari, au cha GED au HiSET, mitihani inayolingana na kumaliza sekondari.
- Jina lako na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyoandikwa shuleni. Viandike kwenye karatasi.
- Namba ya mwanafunzi ya jimbo, SSID, yenye tarakimu 10. Mara nyingi iko kwenye transkripti. Ikikosekana, muulize mshauri wa shule.
- Mapato ya wazazi ya mwaka wa kodi unaotakiwa. Kwa masomo ya 2026–27 ni mapato ya 2024.
- Anwani ya barua pepe yako mwenyewe, siyo ya shule. Ya shule hufungwa ukishamaliza, na barua za ufadhili zinaendelea kwenda huko.

Pasipoti ya nyumbani haihitajiki ili kupata AB 540. Namba ya Social Security haihitajiki. ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, haihitajiki.

### Jina na tarehe: hapa ndipo sisi hukwama

Kwetu mtu ana majina matatu, na shule za Marekani huyakata wanavyotaka. Pasipoti inasema Juma Ali Hamisi, shule imeandika Juma Hamisi, fomu imejazwa Juma Ali. Kompyuta ya jimbo inaona watu watatu, na alama zako haziungani na fomu yako.

Tumia jina la shuleni kila mahali, herufi kwa herufi. Kama jina la shuleni lina kosa, lirekebishe shuleni kabla ya kuanza.

Tarehe nayo. Sisi huanza na siku, Wamarekani huanza na mwezi. Aliyezaliwa tarehe 4 Septemba akiandika 04/09, fomu inasoma tarehe 9 Aprili. Hakuna mtu atakayekupigia simu kukueleza kosa hilo. Fomu italala tu.

## Hatua ya 1: Pima kama unatimiza AB 540

Kuna masharti mawili ya msingi.

La kwanza, miaka mitatu ya masomo ndani ya California. Miaka hiyo inaweza kuwa ya sekondari, ya shule ya watu wazima, ya chuo cha jamii (community college), au mchanganyiko. Katika shule ya watu wazima, saa 420 za darasani huhesabiwa mwaka mmoja. Katika chuo cha jamii, mwaka kamili ni wa mwanafunzi anayesoma yuniti 12 au zaidi kila muhula.

La pili, kumaliza. Yaani cheti cha sekondari ya California au kinacholingana nacho, au shahada ya awali ya miaka miwili ya chuo cha jamii, au kutimiza masharti ya kuhamia CSU (California State University) au UC (University of California), mifumo miwili ya vyuo vikuu vya jimbo.

Njia ya mchanganyiko ndiyo iliyowaokoa wengi wetu. Kijana aliyekuja akiwa amemaliza kidato cha tatu huingizwa darasa la 11, akamaliza sekondari akiwa na miaka miwili tu. Huambiwa "hujatimiza" na hukata tamaa. Lakini miaka yake miwili haijapotea. Anaweza kuongeza mwaka mmoja wa shule ya watu wazima au wa chuo cha jamii, na masharti yakatimia.

Ukiwa kwenye hali hiyo, shule ya watu wazima ndiyo ninayopendekeza, kwa sababu chuo cha jamii kitakutoza ada ya asiye mkazi kwa yuniti zile za mwanzo. Omba shule hiyo ikuandikie barua yenye idadi ya saa ulizohudhuria. Bila idadi ya saa, barua haina kazi.

*Utajua umefanikiwa:* unaweza kuandika kwenye karatasi moja majina ya shule, miaka, na cheti, na jumla inafika mitatu.

## Hatua ya 2: Omba chuo bila kujiandika usichokuwa

California ina mifumo mitatu ya vyuo vya umma. Vyuo vya jamii hupokea maombi wakati wote na maombi ni bure. CSU na UC hufungua Oktoba 1, na dirisha hufungwa mwisho wa Novemba au siku moja mbili baadaye.

Fomu zote zinauliza uraia. Swali hili huwatia watu hofu, na hofu huzaa majibu mabaya.

Kwenye Cal State Apply, fomu ya CSU, chagua None. Kwenye fomu ya UC, mahali pa nchi ya uraia, chagua No Selection. Kwenye fomu ya vyuo vya jamii tafuta chaguo la asiye na hati, No Documents.

Onyo kubwa: usiandike popote kwamba wewe ni raia wa Marekani. Kudai uraia kwa uongo ni kosa linaloweza kukufungia njia ya makaratasi maisha yako yote, hata ukija kuoa au kuolewa na raia. Usiandike namba ya Social Security ya kubuni wala ya ndugu yako. Nafasi hiyo iache wazi.

Onyo la pili: usijiandikishe kama mwanafunzi wa kimataifa. Wengine hufanya hivyo wakidhani ndiyo heshima ya mgeni. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa itadai salio la benki na hati ya I-20, ya mwenye viza ya mwanafunzi, nawe utakuwa umetoka kabisa kwenye njia ya AB 540.

Ada ya maombi ni dola 70 kwa kila chuo cha CSU na dola 80 kwa UC. Usilipe kabla ya kuomba msamaha ndani ya fomu yenyewe. Mwanafunzi wa AB 540 mwenye kipato kidogo husamehewa hadi vyuo vinne kwa kila mfumo.

*Utajua umefanikiwa:* umepata barua pepe ya kupokelewa kwa ombi, yenye namba yako ya mwanafunzi. Piga picha ya skrini uihifadhi.

## Hatua ya 3: Jaza CADAA

Fomu hufunguliwa Oktoba 1 kila mwaka. Tarehe ya mwisho ya Cal Grant, ruzuku kuu ya jimbo, kwa kawaida ni Machi 2. Anayekwenda chuo cha jamii ana nafasi ya pili hadi Septemba 2. Jimbo limewahi kusogeza mbele tarehe ya Machi, lakini usiweke maisha yako kwenye matumaini hayo. Jaza Novemba, watu wakiwa wametulia.

Kwa nini CADAA na siyo FAFSA? FAFSA inakwenda serikali kuu, nayo haiwezi kukupa senti. CADAA inashughulikiwa na jimbo kwa ajili ya ufadhili wa jimbo, na CSAC haiitumi serikali kuu. Sitakwambia hakuna hatari yoyote duniani. Nakwambia ndiyo fomu iliyotengenezwa kwa ajili yako.

Kaa na mzazi mezani, siyo kwa simu. Mapato yake yanahitajika na saini yake inahitajika. Nimeona fomu nyingi zimejazwa vizuri mpaka mwisho, zikafia hapo, kwa sababu mzazi alikuwa zamu ya usiku na hakuna aliyemwamsha atie saini.

Mzazi anayelipwa taslimu na hajawahi kulipa kodi? Fomu inamruhusu kusema hakuwasilisha kodi, kisha anaandika alichopata. Andika ukweli, hata kama ni kidogo. Usikimbilie kufungua ITIN kwa ajili ya fomu hii peke yake. Mwaka 2025 mamlaka ya kodi, IRS, ilitia saini makubaliano na Wizara ya Usalama wa Ndani kuhusu taarifa za walipa kodi, na suala hilo likafika mahakamani. Kama familia haijawahi kuwasilisha kodi, ongeeni na mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Wazazi huniuliza sana, "Na wakija mlangoni?" Ninawajibu kwa ninachokijua: fomu hii haiulizi ulipita mpaka gani wala uliingia lini. Inauliza familia ina watu wangapi na inaishi kwa kiasi gani.

Ndani ya CADAA utakutana na maswali ya AB 540. Yajibu. Lakini kuyajibu hapo hakukuondolei wajibu wa hatua ya 5.

### Kama mtoto ni raia na wazazi hawana makaratasi

Familia nyingi zetu zina watoto wa namna mbili chini ya paa moja. Mtoto aliyezaliwa Marekani anastahili FAFSA na ruzuku ya Pell, lakini fomu hiyo hudai taarifa za wazazi. California inamruhusu ajaze CADAA badala yake ili apate ufadhili wa jimbo bila taarifa za wazazi kwenda serikali kuu.

Bei ya uamuzi huo ni kuikosa Pell. Ni pesa nyingi, na si mimi wa kuamua kwa niaba yenu. Kama mlishawahi kujaza FAFSA kwa mtoto mkubwa, taarifa zenu ziko huko tayari, na hilo lina uzito wake katika mazungumzo.

*Utajua umefanikiwa:* umepata uthibitisho kuwa fomu imepokelewa, na saini zote mbili zinaonekana.

## Hatua ya 4: Fungua akaunti ya WebGrants na uhakikishe GPA yako imefika

Cal Grant haitolewi kwa fomu peke yake. Tume inahitaji wastani wako wa alama, GPA. Kwa Cal Grant A unahitaji angalau 3.0, kwa Cal Grant B angalau 2.0.

Shule za umma hutuma alama za wanafunzi wa mwaka wa mwisho zenyewe. Tatizo ni kwamba mwenye Social Security huunganishwa kwa namba hiyo, nawe huna. Wewe unaunganishwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Rudi kasome tena sehemu ya majina hapo juu.

Wiki mbili tatu baada ya kujaza CADAA, fungua akaunti ya WebGrants kwenye tovuti ya CSAC. Kama GPA haionekani, nenda kwa mshauri wa shule ukiwa na namba ya CADAA mkononi, umwombe aiunganishe. Usimwandikie tu; nenda.

*Utajua umefanikiwa:* akaunti inaonyesha fomu na GPA, vyote viwili.

## Hatua ya 5: Peleka kiapo chuoni

Hii ndiyo hatua inayoachwa. Isome polepole.

Hati inaitwa California Nonresident Tuition Exemption Request. Vyuo vingi vinaiita kwa ufupi AB 540 affidavit. Kila chuo kina nakala yake kwenye tovuti ya ofisi ya udahili na usajili. Vingine vinataka ijazwe mtandaoni, vingine vinataka uipakie yenye saini ya kalamu.

Ina sehemu tatu. Katika ya kwanza unaorodhesha shule za California na tarehe ulizosoma. Katika ya pili unaonyesha cheti ulichopata. Katika ya tatu unachagua hadhi yako na kutia saini.

Hiyo ya tatu ndiyo inayotetemesha mikono. Kwa asiye na makaratasi, hati inasema kwamba umewasilisha ombi la kuhalalisha hadhi yako, au utaliwasilisha mara utakapostahili. Kijana mmoja alikaa na hati hiyo mezani wiki tatu akidhani akitia saini anatakiwa kwenda uhamiaji kesho yake. La. Ni ahadi ya kuomba siku sheria itakapokupa njia. Kama njia haipo leo, hakuna unachotakiwa kufanya leo.

Hati hii ni sehemu ya kumbukumbu zako za mwanafunzi, na kumbukumbu hizo zinalindwa na sheria ya faragha ya wanafunzi, FERPA.

Fanya hivi:

1. Ipakue kutoka tovuti ya chuo unachokwenda, siyo cha rafiki yako.
2. Andika shule kwa mpangilio wa miaka, bila kuacha pengo lisiloelezwa.
3. Ambatanisha transkripti rasmi ya mwisho, yenye tarehe ya kuhitimu. Transkripti ya Machi haionyeshi kuwa umehitimu. Subiri ya Juni.
4. Tia saini na tarehe, mwezi ukitangulia.
5. Piga picha kila ukurasa kabla ya kuituma.
6. Ukipeleka kwa mkono, omba muhuri wa kupokelewa au jina la aliyeipokea.

UC wana fomu ya ziada ya ukazi, Statement of Legal Residence. Utaiona kwenye akaunti yako baada ya kukubali nafasi. Ijaze hata kama unajiona si "legal" wa chochote. Neno hilo hapo linahusu ada.

Kwa nini nasisitiza hivi? Tazama pesa zenyewe. Chuo cha jamii humtoza mkazi dola 46 kwa yuniti, na asiye mkazi mara nyingi huongezewa zaidi ya dola 300 kwa yuniti hiyohiyo. CSU huongeza zaidi ya dola 400 kwa yuniti. UC humwongezea asiye mkazi zaidi ya dola 34,000 kwa mwaka. Hizo zote zinaondolewa na hati ya kurasa chache.

*Utajua umefanikiwa:* akaunti yako ya chuo imebadilika, mahali pa ukazi panasomeka AB 540, Exempt, au neno la namna hiyo. Kimya cha chuo si jibu. Ukiona wiki tatu zimepita bila badiliko, nenda ofisini.

## Hatua ya 6: Soma bili na barua ya ufadhili

Barua ya ufadhili itataja Cal Grant, na kwa CSU au UC ruzuku ya chuo chenyewe. Kwa chuo cha jamii tafuta California College Promise Grant, inayofuta ile dola 46 kwa yuniti kwa wenye kipato kidogo. Anayeanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma yuniti 12 au zaidi, vyuo vingi humsamehe ada kwa miaka miwili, na CADAA inakubalika.

Barua huchanganya ruzuku na mkopo kwenye safu moja. Kilichoandikwa loan utakilipa. Kuna mkopo wa Dream wa jimbo kwa wanafunzi wa CSU na UC, hadi dola 4,000 kwa mwaka na dola 20,000 kwa jumla. Ni mkopo halali na wa masharti mepesi, lakini uchukue mwisho, baada ya ruzuku zote.

Kazi za wanafunzi zinazolipwa na serikali kuu hutazipata. Ila kuna ruzuku ya Dream Act kwa wanaojitolea katika jamii, inayotolewa na CSAC kwa baadhi ya wenye Cal Grant. Wachache wanaiomba. Iulize kwa jina: Dream Act Service Incentive Grant.

## Hatua ya 7: Tafuta watu wako ndani ya chuo

Kila chuo cha CSU na kila chuo cha jamii kinatakiwa na sheria kuwa na mtu wa kuwahudumia wanafunzi wasio na makaratasi. Mara nyingi kuna chumba kizima, Dream Center au Dream Resource Center. Nenda wiki ya kwanza. Vijana wetu husita, wanadhani ni mahali pa Walatino. Ni pao pia. Wakiona Mwafrika hajafika kamwe, hawatajua kwamba yupo.

Huko utapata mwanasheria wa uhamiaji bila malipo. UC ina kituo chake cha sheria, chenye makao UC Davis, kinachowahudumia wanafunzi na familia zao. CSU na vyuo vya jamii vina huduma inayolipiwa na jimbo. Mpeleke na mama. Nimeona familia zikigundua hapo kwamba zilikuwa na njia ya makaratasi miaka yote.

Kwa ufadhili wa watu binafsi, anza na mfuko wa TheDream.US na orodha zinazotolewa na mashirika ya Immigrants Rising na MALDEF. Kwa wenzetu weusi kuna mashirika ya wahamiaji weusi: UndocuBlack Network, na BAJI iliyoanzia Oakland mwaka 2006.

Usimlipe mtu anayesema "nitakujazia fomu kwa dola 300". CADAA ni bure, kiapo ni bure. Na usiende nje ya Marekani kwa safari ya masomo au msiba kabla ya kuongea na mwanasheria. Najua uzito wa kukosa mazishi ya bibi. Lakini aliyekaa bila hadhi kwa mwaka mmoja au zaidi baada ya kutimiza miaka 18, akitoka, anaweza kufungiwa miaka 10.

## Kama umeshachelewa na bili iko mkononi

Usijitoe kwenye masomo. Na usinyamaze, kwa sababu chuo kinaweza kukufuta darasani kwa kutolipa.

Siku hiyohiyo peleka kiapo na transkripti. Kisha nenda ofisi ya malipo, waambie maneno haya: "Ombi langu la AB 540 linashughulikiwa, naomba msinifute darasani." Wengi huweka alama kwenye akaunti ili usifutwe. Uliza pia tarehe ya mwisho ya kurekebisha ukazi kwa muhula huo. Muhula ukishapita, kurudishiwa pesa huwa kugumu zaidi.

Binti wa yule mama wa Tanga alipeleka kiapo Jumatatu asubuhi, akiwa na transkripti ya Juni ndani ya bahasha ya khaki. Siku ya tisa mstari wa pili ukatoweka kwenye bili. Ile dola 552 ikafutwa na Promise Grant. Zikabaki ada ndogo za afya na za wanafunzi, mama akazilipa kwa kadi palepale dirishani.

## Kila mwaka, na unapohama

CADAA hujazwa upya kila mwaka kuanzia Oktoba 1, hata kama hakuna kilichobadilika nyumbani. Kiapo kwa kawaida hukirudii ukiwa chuo kilekile bila kukatiza.

Ukihama kutoka chuo cha jamii kwenda CSU au UC, kiapo cha chuo cha kwanza hakihami nawe. Unaanza hatua ya 5 upya, kwa hati ya chuo kipya, na sasa utaambatanisha transkripti za sekondari na za chuo cha jamii pia. Ndiyo maana ile bahasha isitupwe.